Tahadhari: Usisambaze Lokole Bila Maneno Yake

Kama simu yako ina sauti ya lokole iliyorekodiwa Yangambi, Isangi, Yakusu au kijiji chochote cha Walokele kandokando ya mto Kongo, usiisambaze bado. Usiiweke kwenye kundi la familia, usimtumie mwanafunzi anayeandika tasnifu Kisangani, usimkabidhi mtu yeyote anayekusanya sauti za kufundishia programu za kompyuta. Kwanza mtafute aliyepiga, au mtu wa kijiji kilekile anayeielewa ngoma, akwambie kwa kinywa chake, neno kwa neno, ngoma ilisema nini. Yarekodi maneno hayo palepale. Baada ya hapo sambaza upendavyo.

Nasema kwa haraka kwa sababu uharibifu nao unakwenda haraka, na wanaoufanya ni watu wanaoipenda lokole. Sauti inarekodiwa kwenye matanga, kwenye sikukuu ya kanisa, siku mgeni wa serikali anaposhuka bandarini. Jioni inakatwa zibaki sekunde chache ili isimalize bando, kisha inapewa maelezo ya mstari mmoja: ngoma ya kuita watu, ngoma ya msiba, tam-tam ya kwetu. Nimesikiliza kadhaa za namna hiyo. Ujumbe umekatwa katikati, na chini yake halijaandikwa hata neno moja la Kilokele. Mpigaji akifariki na wenzake wa rika lake wakafuata, faili hilo litakuwa mlio wa mtu anayegonga gogo, na hakuna chuo kikuu wala mashine itakayorudisha kilichokuwa ndani yake.

Kwa msomaji wa Mombasa au Dodoma, ambaye ngoma kwake ni ngozi iliyowambwa, lokole ni kitu kingine. Ni gogo zima lililokombwa ndani kupitia mwanya mwembamba wa juu. Fundi hukomba upande mmoja kuliko mwingine, kwa hiyo mdomo mmoja wa mwanya hutoa sauti ya juu na wa pili sauti ya chini. Upande mmoja huitwa wa kike na mwingine wa kiume. Mpigaji hushika vijiti viwili vilivyofungwa mpira kwenye ncha. Ana sauti mbili tu. Kwa sauti hizo mbili watu wa mto wametangaza vifo, wamealika vijiji kwenye mieleka, wameonyana, wametaniana, wameitana kwa majina. Usiku uliotulia, ngoma nzuri husikika kilomita kumi au zaidi kidogo, na mpigaji wa kijiji kinachofuata huupokea ujumbe na kuupeleka mbele.

Inawezekana kwa sababu Kilokele chenyewe kinatembea kwa toni mbili. Kila silabi ina kimo chake, na ukibadilisha kimo umebadilisha neno. Tuandike J kwa silabi ya juu na C kwa silabi ya chini. Lisaka, C-C-C, ni dimbwi la maji. Lisaka, C-C-J, ni ahadi. Lisaka, C-J-J, ni sumu. Liala ni mchumba. Ipandishe silabi ya kati, umepata shimo la taka, na kijana anayebembeleza kwa ujumbe wa simu usio na alama amwombe Mungu yule dada awe na moyo mwema. Sentensi iliyovuma kuliko zote ni ile ya alambaka boili: kwa mpangilio mmoja wa toni, mtu alikuwa anautazama ukingo wa mto, kwa mpangilio mwingine, alimchemsha mama mkwe wake.

Walokele hawako peke yao katika hili. Lingala tunayoongea sokoni Kisangani ina kokoma ya kuandika na kokoma ya kufika, na kinachozitenganisha ni toni. Tunaiandika bila alama na tunaelewana, kwa kuwa sentensi inatusaidia na kwa kuwa lugha yenyewe tunaisikia mchana kutwa. Lugha ya ngoma haina tena bahati hiyo. Wanaoisikia bila kufikiri ni wazee, na hata wao siku hizi wanaisikia mara chache.

Kiswahili hakina toni ya namna hii, na hapo ndipo mtego ulipo kwa sisi tunaoandika kwa Kiswahili. Mkazo wetu umekaa silabi ya pili kutoka mwisho na hauhami. Tumelelewa kupima utungo kwa mizani na vina: mizani nane kwenye kipande cha utenzi, kumi na sita kwenye mshororo wa shairi. Sikio letu linajua kuhesabu silabi. Halikufundishwa kuuliza kama silabi imepanda au imeshuka. Pwani tulikuwa na siwa na tulikuwa na mbiu ya mgambo, na zote mbili zilifanya kazi yake vizuri kwa kulia tu. Mbiu ikilia kuna jambo. Jambo lenyewe utaambiwa ukifika. Kwa hiyo wataalamu wa fasihi simulizi walipotafuta jina la ujumbe unaopitishwa kwa ngoma, wakashika neno ngomezi, neno zuri kabisa, walilieleza kwa uzoefu walionao. Vitabu vya sekondari vya Kenya vinalifundisha hadi leo. Kisha vikaongeza kifungu cha ngomezi za kisasa: king'ora cha gari la wagonjwa, kengele ya shule, mlio wa simu.

Kifungu hicho ndicho ninachokiogopa. King'ora kinasema pisheni, basi. Hakina kitenzi, hakina jina la mtu, hakiwezi kumwambia mtu aliye msituni kwamba shemeji yake amefika na mtumbwi wa samaki na anaondoka kesho alfajiri. Lokole inaweza kusema yote hayo, na aliye msituni akaelewa kila kitu. Ukiziweka katika kundi moja umeifanya lugha kuwa kengele.

Sina ugomvi na walimu wa Kenya. Mtihani una majibu yake, na mwanafunzi ajibu alivyofundishwa. Hofu yangu ni ufafanuzi huo kupanda mto. Nao hupanda kirahisi. Mwanafunzi wa huku ana jedwali la aina za usemi: safu ya Kilokele, safu ya Kifaransa, safu ya Kiswahili. Anatafuta neno la Kiswahili la kutia mbele ya lokole, anakuta ngomezi, anakuta na maelezo yake, ananakili vyote viwili. Kuanzia hapo lokole ni ndugu wa king'ora kwenye karatasi, na anayekuja nyuma yake na kinasa sauti haoni sababu ya kuuliza maneno, maana king'ora hakina maneno.

Mtu aliyetuachia maelezo mengi kuliko wote kuhusu ngoma za huku ni John Carrington, Mwingereza aliyezaliwa 1914 na kufika Yakusu mwaka 1938 kufundisha katika misheni ya Wabaptisti. Siku moja alishika njia ghafla kwenda kijiji kidogo cha Yaongama, bila kumwarifu mtu. Alipofika alimkuta mwalimu, msaidizi wa tiba na waumini wa kanisa wamekusanyika wanamngoja. Ngoma ilikuwa imewaambia. Akaanza kujifunza, na mwaka 1949 alichapisha kitabu chake kuhusu ngoma zinazoongea za Afrika. Watu wa nje walikisoma kama ugunduzi. Kwa mtoto wa Kilokele wa wakati ule yalikuwa mambo anayoyajua kama njia ya mtoni.

Jambo kubwa katika kitabu hicho ndilo ambalo mkato wa sekunde chache unaliua, kwa hiyo nitalikalia kidogo.

Lokole haitoi irabu wala konsonanti. Inatoa toni tu. Chukua maneno manne ya Kilokele: sango (baba), songe (mwezi), koko (kuku) na fele (aina ya samaki). Yote yana silabi mbili, na toni zake ni zilezile. Kinywani hayachanganyiki hata kidogo. Kwenye gogo ni kitu kimoja. Hesabu ni nyepesi: kwa sauti mbili, neno la silabi mbili lina mipangilio minne tu, la silabi tatu lina minane, na maelfu ya maneno ya lugha nzima yanagombania vyumba hivyo. Mpigaji anatokaje? Hapigi neno fupi. Anapiga neno pamoja na mkia wake, yaani fungu la maneno lililokubaliwa tangu zamani. Kuku anafuatwa na maneno kuhusu udogo wake na sauti anayotoa. Mwezi unafuatwa na maneno kuhusu namna unavyoitazama dunia kutoka juu. Fungu la silabi kumi lina mipangilio 1,024 inayowezekana, na masikioni mwa mtu aliyelikariri tangu utotoni halifanani na lingine. Carrington alikadiria kwamba neno moja la mazungumzo huhitaji kama maneno manane ya ngoma.

Wahandisi wa simu wa Marekani walilifikia jambo hilohilo kwa njia yao. Ralph Hartley aliandika mwaka 1928 kwamba alama zikiwa chache, lazima ujumbe urefuke. Claude Shannon akaijenga nadharia nzima mwaka 1948. Anayetamka namba ya usajili kwenye simu yenye mtandao mbovu hufanya vivyo hivyo bila kumsoma yeyote: anasema B ya baba, M ya mama. Ukimkata ili kuokoa muda, ukabaki na herufi peke yake, umepoteza kile kilichokuwa kinazuia kosa.

Sasa mtazame mhariri wetu wa simu. Anasikiliza dakika tatu za ngoma, anasikia mambo yakirudi na kurudi, anaona ni marudio. Anaacha mwanzo, kwa kuwa mwanzo unavutia, na anafuta mikia. Amefuta hasa sehemu inayoeleweka. Hata mtaalamu aliyebobea akiletewa kipande hicho atasema, hapa pana baba, au mwezi, au kuku, au samaki, chagueni.

Tena mkia ndio utungo wenyewe. Mpigaji hautungi papo kwa papo. Anaurithi. Ndani yake mna maneno ya kale ambayo mazungumzo ya kila siku yameshayatupa, mna picha na mizaha ya watu waliokufa kabla ya meli ya kwanza ya mvuke kupita hapa. Na watu pia wana mikia yao. Jina la ngoma la mtu huanza na lake mwenyewe, likafuatwa na la baba yake, likafuatwa na kijiji cha mama yake. Mshairi wa Lamu angeona kitu kama lakabu, kitu kama kivugo, kitu kama shajara ya nasaba, na asingekosea kabisa, lakini hakuna hata neno moja kati ya hayo matatu linalolifunika jina lile lote. Ndiyo sababu nasema kwenye jedwali lile safu ya kwanza ijazwe na wenyewe, kwa neno wanalolitumia wenyewe, na Kiswahili kingoje. Ukianza na safu ya Kiswahili, safu ya Kilokele itajazwa kwa kubahatisha.

Kuna lokole nyingine ambayo haina tatizo hili, nayo ni ile ya muziki. Mwanamuziki Papa Wemba na bendi yake Viva la Musica, tangu 1977, waliifanya isikike dunia nzima. Hiyo ni mapigo, inachezwa, na inajulikana ni mapigo. Vivyo hivyo ngoma za kifalme za Burundi, zilizoingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2014: utukufu wake uko kwenye mdundo na mwili. Shida inakuja pale mtu anaporekodi ujumbe wa msiba wa Yangambi na kuusikiliza kwa sikio alilozoea kuchezea.

Mazoea ya kuiweka lugha ya huku ndani ya jedwali ni ya zamani. Mwaka 1903, kutoka Yakusu, mmisionari Walter Stapleton alitoa kitabu cha kulinganisha lugha kuu nane za mto Kongo pamoja na Kiswahili, chenye msamiati wa maneno 800 yaliyochaguliwa. Kiswahili kiliingizwa kwa sababu kilikuwa lugha ya njia zote za kwenda mashariki. Tippu Tip, mfanyabiashara wa Zanzibar, alikuwa amefanywa gavana wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, miaka kumi na sita kabla, na watu wake walikuwa wameshaacha lugha yao mdomoni mwa mji. Kazi ya Stapleton ilikuwa kubwa, na sitaki kuidharau. Lakini jedwali la neno kwa neno lina tabia yake: kila kisanduku kinapokea neno moja, na mkia wa ngoma hauna pa kukaa. Tuliorithi umbo la jedwali tumerithi na tabia hiyo.

Inawezekana kufanya vizuri zaidi, na imefanyika upande wa chini wa mto. Padri Gustaaf Hulstaert, katika kamusi yake ya Kimongo na Kifaransa ya mwaka 1957, aliweka alama za toni. Ni kazi ya kuchosha macho, hakuna anayebisha. Kwa sababu yake, mtu wa leo anaweza kulifungua neno la Kimongo na kujua lilivyopanda na kushuka, hata kama hajawahi kukutana na Mmongo. Neno lililoandikwa bila alama halimpi msomaji wa aina hiyo kitu chochote.

Nimezitaja programu za kompyuta mwanzoni, na huko ndiko iliko hatari mpya. Kitabu kibaya kikichapishwa Kisangani kilikuwa kinaoza kabatini. Madhara yake yalikuwa na mipaka. Sasa mashirika, vyuo na watu binafsi wanakusanya maandishi na sauti za lugha ndogo ili mashine zijifunze kutafsiri. Nia ni njema na naiunga mkono. Lakini mashine hujifunza kutoka kwenye jozi: sauti na maandishi yake, sentensi na tafsiri yake. Ukiilisha lisaka isiyo na toni mara mia, mara dimbwi, mara ahadi, mara sumu, itachagua iliyotokea zaidi. Ukiilisha sauti ya lokole yenye maelezo ya ngoma ya msiba, itajifunza kwamba mlio wote ule, pamoja na jina la marehemu, la baba yake na la kijiji cha mama yake, maana yake ni msiba. Kisha mjukuu wa mpigaji, akiwa Kinshasa au Brussels, ataiuliza mashine babu alikuwa anasema nini, na itamjibu kwa uhakika mkubwa: msiba. Naye atamwambia mwanawe hivyo. Hakutakuwa na mzee wa kupinga.

Carrington aliliona jambo hili la wazee wa ngoma kwisha likija. Mwaka 1954 alikuwa Yalemba akiendesha shule ya misheni. Mkewe alikuwa bado anamwita kutoka msituni kwa ngoma chakula cha mchana kikiwa tayari. Hata wakati huo aliona vijana hawajifunzi tena. Baadaye alifundisha katika chuo kikuu cha Kisangani, akalifuata pia pendo lake lingine, mimea. Aliaga dunia mwaka 1992. Waliokuwa vijana mwaka 1954 sasa wana miaka themanini na zaidi. Kwa hiyo ninapohimiza haraka, nahesabu umri wa watu.

Mfano wa kufuata tunao palepale Yangambi. Wabelgiji walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo, INEAC, mwaka 1933, ambacho leo ni INERA, na kimojawapo cha vitu vilivyosalimika kwenye majengo yale, kilomita kama mia moja chini ya Kisangani, ni hifadhi ya mimea iliyokaushwa: sampuli zaidi ya 150,000. Fungua jalada lolote. Jani limebandikwa, na kwenye pembe kuna lebo: jina la mmea, mahali ulipochumwa, tarehe, aliyechuma, mara nyingine na jina ambalo wenyeji wanauita. Jani lisilo na lebo linabaki kuwa takataka kavu, hata likiwa la mti adimu kuliko yote. Watu wa Yangambi wanalijua hilo kuliko mtu mwingine yeyote nchini. Ngoma ya kijiji cha jirani inastahili karatasi ya aina hiyohiyo.

Basi ukienda kurekodi, fanya hivi. Mwombe mzee, kabla hajashika vijiti, aseme kwa mdomo ujumbe wote atakaoupiga, polepole, mikia yote ikiwemo. Usizime. Apige. Usizime. Mwombe aurudie kwa mdomo akifuatisha alivyopiga, maana mara nyingi atakuwa ameongeza kitu. Kama anaweza kufanya vyote kwa pamoja, kusema na kupiga, hiyo ni zawadi. Faili moja, lisilokatwa. Ukitaka kipande kifupi cha kuwafurahisha watu, kitengeneze kutoka kwenye nakala, na faili zima liache lilivyo mahali pawili tofauti.

Kisha andika. Simu yako haina kibodi ya toni? Weka mstari wa J na C chini ya kila mstari wa maneno, kama nilivyofanya na lisaka hapo juu. Haupendezi, lakini mwenye simu ya vitufe anaweza kuuandika na profesa anaweza kuusoma. Kama hujui silabi imepanda au imeshuka, acha nafasi tupu. Nafasi tupu inaweza kujazwa na mwingine. J ya kubahatisha hakuna atakayeishuku. Andika kijiji, tarehe, na jina ambalo watu wa hapo wanaiita aina hiyo ya ujumbe. Walokele, Waturumbu wa bara ya Yangambi, Watopoke na Wambole ni majirani, lakini usimwandikie mmoja kile alichosema mwingine. Na usiandike methali, wala shairi, wala ngomezi, mpaka umeshaandika wanavyoiita wao.

Uliza pia ruhusa, na uulize vizuri. Ujumbe wa kifo si kitu cha kuchezea. Mtu akiupiga tena kwa spika kubwa kijijini, kwa mzaha au kwa kutojua, kuna wazee watakaousikia kama ulivyo na kuanza safari ya kwenda kulia. Majina ya ngoma ya watu walio hai nayo ni mali yao. Pitia kwa kapita, yaani mkuu wa kijiji, kwanza, kisha kwa mwenye jina. Kama jibu ni hapana, umepata jibu.

Jambo la mti nalitaja kwa ufupi kwa sababu lina watu wake. Lokole nzuri huchongwa kwenye mti wenye kiini chekundu, Pterocarpus soyauxii, ambao wafanyabiashara wa mbao huuita padouk na wanaupenda mno. Novemba 2022, mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, uliofanyika Panama uliingiza Pterocarpus zote za Afrika kwenye Kiambatisho cha II, kwa hiyo biashara yake ya kimataifa ina masharti. Mwenye lokole ya zamani nyumbani, hata iliyopasuka, asiiuze kwa mnunuzi wa mapambo anayepita na mashua. Gogo la zamani lina sauti ambazo wapigaji wa kijiji hicho wamezizoea, na huenda mzee anayeweza kukusomea ujumbe anaweza kufanya hivyo kwa gogo hilo tu.

Walimu wa Isangi na Yangambi, mna faida ambayo Kisangani haina: watoto wanaolala nyumba moja na wasemaji. Mpe mwanafunzi kazi ya kuleta fungu moja la ngoma kutoka kwa babu au bibi, kwa maneno kamili, na mstari wake wa J na C. Asilete tafsiri kwanza. Wahariri wa redio za Kisangani, mkipokea sauti ya lokole kwa ajili ya kufungulia kipindi, itakeni pamoja na maneno yake, au tumieni kengele. Nanyi mnaokusanya data kwa ajili ya mashine, kataeni faili lolote la ngoma ambalo halina kinywa cha mtu ndani yake. Kulikataa leo ni rahisi kuliko kulitafuta na kulifuta baada ya kunakiliwa mara elfu.

Na kama faili limeshatoka, kama ulilirusha mwaka jana na linazunguka, usinyamaze kwa aibu na usijaribu kulikusanya, hutaweza. Rudi kijijini nalo. Mchezeshee aliyepiga, au ndugu yake, kile kipande kilichobaki, muombe aseme kilichokuwa kabla na kilichokuwa baada, rekodi jibu lake, kisha tuma faili la pili kwa watu walewale, likiwa na jina lilelile na neno sahihisho mbele yake. Akikwambia kwamba sehemu uliyoikata ilikuwa kijiji cha mama yake, kitaje kijiji hicho.